Shabiki Ambaye Hakuwahi Kwenda Uwanjani

Tulihitaji sare tu. Ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu, tuko nyumbani Gisenyi, na sare ingetosha kuupa mji wetu ubingwa ambao haujawahi kuupata. Mvua ilianza kipindi cha pili, ile mvua ya kwetu inayoteremka kutoka upande wa volkano na kufika yote kwa pamoja, bila matone ya kutangulia. Zikiwa zimebaki dakika chache, beki wetu wa kushoto akamrudishia kipa mpira. Haukuwa mpira wa hatari. Ulifika kwenye dimbwi mbele ya goli ukasimama, kama mtu aliyesahau anakokwenda. Mshambuliaji wao alikuwa karibu zaidi. Nakumbuka tulinyamaza kabla hata hajaupiga.

Mdogo wangu wa mwisho alikuwa amekaa kulia kwangu, amevaa koti la baba, mikono ya koti ameikunja mara mbili. Ni msichana wa miaka kumi na saba. Hakulia. Filimbi ya mwisho ilipopulizwa na wageni wakaanza kuteleza kwenye matope kwa furaha, aliniuliza bila kugeuka:

"Kaka, baba angefanya je hapa?"

"Angepiga makofi mawili," nikasema. "Halafu angeenda nyumbani."

Akapiga makofi mawili, taratibu, viganja vikiwa vimelowa. Kisha akasimama, tukaenda nyumbani.

Kabla sijaendelea, lazima niseme jambo ambalo yeye hakulijua siku ile. Baba yetu hakuwahi kwenda uwanjani. Simaanishi kwamba alienda mara chache. Hakuwahi kabisa. Makofi mawili niliyatunga mimi.

Baba alikuwa fundi cherehani. Mama alifariki kwa ugonjwa wakati mdogo wetu bado ananyonya, na mwaka haukuisha baba naye akaondoka: gari alilopanda akitoka kununua vitambaa lilipinduka kwenye miteremko ya kuja kwetu. Nilikuwa mwaka wa pili wa sekondari. Nikaacha shule, nikakaa kwenye kiti cha baba mbele ya cherehani yake, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kukikalia. Dada yangu anayenifuata alikuwa na miaka kumi na miwili. Yeye tulihakikisha anamaliza masomo. Na huyu wa mwisho, bucura wetu, nilikuwa namfunga mgongoni nikishona, watu wakipita barazani wanacheka kuona mvulana kabeba mtoto. Aliuzoea mlio wa cherehani kiasi kwamba nikiacha kushona anaamka.

Uongo ulianza akiwa na miaka sita. Alirudi shuleni ametulia kuliko kawaida. Mwalimu alikuwa amemwambia kila mtoto asimame aseme baba yake anapenda nini. Mmoja akasema baba yangu anapenda sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga. Mwingine, baba yangu anapenda redio. Mwingine akasema baba yangu anapenda kulala, darasa zima likacheka. Zamu yake ilipofika akasimama, akafikiri, akakaa.

"Alipenda nini?" akaniuliza.

Nilikuwa na suruali ya mtu chini ya sindano. Nilijaribu kukumbuka. Baba alikuwa mtu kimya sana, na nilipomfikiria niliona tu mgongo wake umeinama. Wakati huohuo kelele zikapanda kutoka uwanjani, mtu kafunga goli, na mimi nikasema jambo la kwanza lililonijia.

"Alipenda timu ya mji. Hakukosa mechi."

Uso wake ukabadilika. Nimeshona nguo nyingi tangu siku ile, watu wakajitazama kwenye kioo wakafurahi, lakini sijawahi kuona furaha kama ile. Kisha maswali yakaanza. Alikaa upande gani? Upande wa ziwa, kwenye ukuta wa mawe meusi. Alikula nini? Karanga za kwenye karatasi. Alipiga kelele? Hapo nikasita. Kumfanya baba yetu apige kelele ulikuwa uongo mkubwa mno hata kwangu. Nikasema hapana, alipiga makofi mawili mwisho wa mechi, washinde wasishinde.

Wiki iliyofuata akataka kuona mahali alipokaa. Nilikuwa sijawahi kuingia uwanjani. Nikamshika mkono, tukaingia, nikajifanya natafuta kidogo kwa macho, na nilipouona ukuta wa mawe, tena kwa bahati njema uko upande wa ziwa, nikasema, "Pale." Tumekaa pale miaka kumi na moja.

Nilijifunza mpira ili uongo wangu usinisute. Nikajifunza kuotea ni nini, nikajifunza majina ya wachezaji wa zamani kwa kuwasikiliza wazee. Katikati ya kujifunza huko nikaipenda timu kweli, sijui lini. Nilianza kukosa usingizi ikifungwa. Na watu wa uwanjani walitupokea na hadithi yetu. Walituachia nafasi yetu ukutani. Wageni wakikaa, waliambiwa hapa ni pa mzee wao, marehemu. Mzee mmoja anayekata tiketi mlangoni aliwahi kumwambia mdogo wangu, mbele yangu, "Baba yenu nilimujua. Alikuwaka anakaa palepale, na karanga zake." Sikuthubutu kumsahihisha. Mdogo wangu alimwamkia kwa adabu tangu siku hiyo kama ndugu wa damu.

Koti tu ndilo lilikuwa la kweli. Lilikuwa la baba, lakini alilivaa harusini na Idi.

Asubuhi baada ya kufungwa, chai ya mdogo wangu ilipoa mezani. Madereva wa pikipiki walikuwa wameshaondoa bendera zao za timu. Nikamwambia anywe, timu haijafa, msimu ujao upo.

"Mi sijihurumii," akasema. "Namuhurumia baba. Miaka yote ile alikuwa anangoja, na akafa hajaona. Mwaka huu nilimuahidi."

Nilikumbuka. Baada ya Idi tulikwenda kumzuru, timu ikiwa inaongoza, na nilimsikia akinong'ona juu ya kaburi kwamba mwaka huu tutamletea kombe. Nilitazama pembeni.

"Jumapili twende makaburini," akasema. "Nitamwambia mwenyewe. Asisikie kwa watu."

Niliinua kikombe changu nikanywa, nikijua nikikiweka chini nitalazimika kusema kitu.

Siku zilizofuata sikushona vizuri. Nilikuwa na huzuni yangu ya kweli ya mpira, nikifumba macho naona lile dimbwi, na juu yake nikawa na hofu ya Jumapili. Mteja mmoja, shabiki wa timu ya Kigali, aliijaribu suruali yake barazani akaitazama kwa muda mrefu.

"Fundi," akasema, "hii zipu umeiweka nyuma. Na we unarudishiaka kipa?"

Waliokuwa kwenye duka la jirani walicheka mpaka wakakohoa. Akaivua, nikaichukua nikaanza kuifumua. Alipoona sijibu, akaona aibu. "Basi, pole, fundi," akasema. "Ile goli hata mi iliniuma kidogo." Hakuwa anasema kweli, lakini nilimshukuru.

Ijumaa dada yangu alikuja. Ameolewa Goma, na huvuka mpaka karibu kila siku na furushi la vitenge. Alikaa kwenye kigoda cha wateja, akavua viatu, akanyoosha miguu.

"Mutoto iko wapi?"

"Shuleni."

"Nasikia muko na matanga ya mupira hapa. Goma yote iko inacheka."

Nikamweleza habari ya Jumapili. Alicheka mpaka akashika mlango, kisha akaona sura yangu akaacha.

"Baba yetu?" akasema. "Ule aliyekuwa anafunga dirisha juu ya makelele ya mupira? Ataamuka kule chini aulize, kombe ni kitu gani?"

"Usicheke."

"Sicheki. Nakuuliza, kaka. Mutoto atasimama kwa kaburi aombe musamaha juu ya beki, na we utaitika amina?"

"Nikimwambia, atabaki na nini?" nikasema. "Huyo ndiye baba anayemjua. Hana mwingine."

Dada alivuta viatu vyake. Yeye ana baba yake. Alikuwa mkubwa kiasi cha kukumbuka. Alianza kuvaa viatu.

"Bon. Ni we ulimuzala ule baba wa mupira. Donc ni we utamuzika. Mi simo." Alipofika barazani akageuka. "Lakini umwambie pole pole. Na usimwambie mi nilicheka."

Usifikiri kwamba niliogopa tu kuonekana mwongo, ingawa hilo nalo lilikuwepo. Mimi ndiye niliyemwambia kila kitu anachokijua juu yake mwenyewe: alizaliwa saa ngapi, nani alimpa jina lake, mama alimwita nani akiwa tumboni. Dada ana nyumba yake Goma; shahidi wake wa kila siku ni mimi. Nikifumua uzi huu mmoja, ni ipi katika hizo nyingine ataiamini tena? Na akiacha kuniamini, nani katika dunia hii atabaki kuwa mtu wake?

Jumapili asubuhi ilikuwa na manyunyu. Makaburi yetu ya Waislamu yako kwenye mwinuko, na njia ilikuwa inateleza, tukashikana mikono kama alipokuwa mdogo. Alivaa koti. Njia nzima nilitafuta pa kuanzia. Nilijiambia tukifika kwenye mti ule nitamwambia, tukaufika tukaupita. Nikasema pale kwenye geti. Getini palikuwa na watu.

Tulisalimia, tukasoma Fatiha. Alichuchumaa, akang'oa majani mawili matatu yaliyoota pembeni, akapangusa mikono kwenye sketi.

"Baba," akasema, "tumefungwa. Moja kwa sifuri. Usimulaumu beki, lilikuwa dimbwi, hata we ungerudisha mpira ule." Akang'oa jani jingine. "Najua umengoja sana. Nilikuahidi na sikuleta kitu. Unisamehe, baba."

Nilikuwa nimejiandaa kuvumilia mengi, lakini hilo la kuomba msamaha lilinishinda. Binti mzima amechuchumaa kwenye matope, anaomba radhi kwa mtu asiyemdai chochote, kwa kosa ambalo halipo, na mzigo huo niliushona mimi, nikamvika.

"Baba hakupenda mpira," nikasema.

Aliinua kichwa. "Unasema je?"

"Hakwenda uwanjani hata siku moja. Nilikudanganya. Ulikuwa na miaka sita, ukaniuliza alipenda nini, nikakosa jibu."

Alinitazama kama vile nazungumza lugha ya watu wengine. Kisha akaanza kuuliza, kimoja baada ya kingine, kwa sauti ndogo.

"Karanga?"

"Ni zangu."

"Kukaa kwa ukuta?"

"Mimi nilichagua. Siku ile ile tuliyoingia."

"Makofi?"

"Yangu pia."

"Yule mzee wa tiketi alimuona."

"Alimuona kwa sababu sisi tulimwambia."

Akalishika koti kifuani. "Na hii?"

"Koti ni lake. La harusi."

Manyunyu yaliendelea. Alisimama, akavua koti, akalikunja vizuri, mabega ndani, jinsi nilivyomfundisha mwenyewe, akanikabidhi. Kisha akaondoka kuteremka peke yake na blauzi yake nyepesi. Sikumfuata mara moja. Nilibaki na baba dakika chache, nikiwa nimebeba koti lake.

Hakugoma kula, wala hakunivunjia heshima. Aliniamkia asubuhi, aliosha vyombo, alikwenda shule akarudi. Lakini hakuniuliza kitu. Hapo ndipo nilijua nyumba yetu ilikuwa imeishi kwa maswali yake. Aliuliza kuhusu kila kitu tangu ajue kusema, na sasa jioni zilikuwa na cherehani tu. Dada alinipigia simu akauliza, "Umeshazika?" Nikamjibu ndiyo. "Analia?" Nikasema hapana, na hilo ndilo linanitisha. Akasema, "Ungoje. Yule ni mutoto wa maneno, hataweza kunyamaza mwezi."

Siku ya kumi alikuja barazani na kukaa kwenye kigoda cha wateja. Ilikuwa alasiri, ziwa linaonekana kipande tu kati ya mapaa mawili. Alichukua kisanduku cha vifungo akaanza kuvitenga, vyeupe huku, vyeusi kule.

"Timu ni yangu," akasema. "Hiyo hukuitunga. Mi naipenda mwenyewe."

"Najua."

"Msimu ukianza nitaenda. Lakini sitakaa ukutani. Nataka kukaa nyuma ya goli, kwa wale wanapiga ngoma. Miaka yote nilitaka kupiga kelele nikaona haya juu ya baba, yeye akikaa kimya na karanga zake, na mi napiga kelele."

Sikuwa nimelifikiria hilo hata mara moja. Miaka kumi na moja mtoto amekaa kwa adabu kando ya mtu ambaye hayupo, akijizuia kwa heshima yake, na mimi nikijivunia jinsi alivyotulia.

"Nisamehe," nikasema.

Aliendelea kutenga vifungo. "Siku za mechi alikuwa anafanya nini, basi?"

"Alishona. Alizipenda siku za mechi. Wanaume wote wanakwenda, mtaa unatulia, hakuna mteja wa kumsumbua. Kazi ngumu zote, kola za suti, mifuko ya ndani, aliziweka mpaka siku hiyo. Watu wakipiga kelele kule uwanjani anafunga dirisha."

"Anafunga dirisha." Alilirudia polepole. "Kumbe mi angenifukuza nyumbani."

"Angekwambia utoke nje na kelele zako."

"Tungegombana."

"Sana. Wewe na yeye, kila siku ya mechi."

Alifikiri juu ya hilo. Niliona kitu kwenye mdomo wake ambacho hakikuwa tabasamu bado. Nadhani alikuwa anajaribu, kwa mara ya kwanza, kugombana na baba yake, na kuona inakuwaje.

"Mama je?" akauliza. "Na yeye ulimtunga?"

"Mama sikumtunga hata kidogo. Mama alisema sana, aliimba, alicheka na kila mtu. Nilikuwa na mengi yake ya kukupa. Baba alikuwa kimya. Nilitafuta nikakuta mkononi sina karibu kitu, nikaona haya kukupa kidogo namna ile."

"Ungenipa hicho kidogo."

"Ndiyo."

"Nipe sasa. Na ukikosa, useme sijui. Usijaze."

Nilisimamisha gurudumu la cherehani. Nilikaa muda mrefu, naye akangoja, mikono imetulia juu ya vifungo. Niliogopa kuanza, kwa sababu safari hii kila neno lilipaswa kuwa lake na si langu. Kisha kikaja kimoja, kidogo, ambacho sikuwa nimekifikiria tangu utoto wangu.

"Aliogopa maji," nikasema. "Alizaliwa hapa hapa, akaishi hapa hapa, na hakuwahi kutia hata mguu ziwani. Siku moja mimi na dada yako tulioga kule ufukweni, yeye akasimama mbali mchangani, ameshika nguo zetu, anatuhesabu. Moja, mbili. Moja, mbili. Tulikuwa wawili tu, lakini hakuacha kuhesabu mpaka tukatoka."

"Kwa sauti?"

"Hapana. Niliona midomo."

"Na alisema nini mulipotoka?"

"Sijui," nikasema. "Hilo sikumbuki."

Aliitikia kwa kichwa, akavuta kigoda karibu na cherehani.